Mrejesho: Nimemwandikia mwanangu habari za ng'ombe

Kamwene jamani. Niliuliza hapa kama nimwambie mwanangu, askari wetu aliyeko Beni, mashariki mwa Kongo, kwamba ng'ombe aliyemnunulia babu yake kafa, na babu mwenyewe yuko kitandani wiki ya tatu. Wengi mlisema ninyamaze, asije akachanganyikiwa kule porini. Na mimi tangu walinda amani wetu wa Tanzania washambuliwe Semuliki, kulekule Kongo, Desemba 2017, nikisikia tu jina Kongo tumbo linanikata.

Lakini nikaandika hivyo hivyo. Nilianza na mazuri: mvua ya Kilolo mwaka huu haijambo, mahindi yamefika kiunoni, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umejaa mpaka shemeji yake harudi nyumbani na akili timamu. Ng'ombe nikamweka mwisho, mstari mmoja. Ya babu nikayapunguza makali.

Jibu lilikuja baada ya siku nne (kwangu mwezi): "Mama, ya ng'ombe nayajua. Dada aliniambia siku ileile. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Kumbe nilikuwa nambebea siri yake mwenyewe! Babu jana kaomba uji. Nimemrekodi akilalamika sukari haitoshi, nikamtumia mjukuu wake.