Timu iliyoshinda mechi nyingi inawezaje kumaliza chini ya iliyoshinda chache?

Mkaazi wa Cornwall
Wapenzi wa raga, hamjambo? Ninaishi Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na tangu Septemba nimekuwa nikiifuata klabu ya mji wetu, inayocheza National League 2 West, yaani daraja la nne. Katika mechi 26 tumeshinda 14, ilhali waliomaliza mbele yetu wameshinda 13 tu, na hakuna kati yetu aliyetoka sare. Nimesikitika sana, kwa kuwa vijana hawa hutoka kazini na kwenda mazoezini gizani na mvuani. Naomba mwenye kufahamu anieleze.

Refa mstaafu
Pole, ndugu yangu. Kwenye msimamo wa ligi ushindi huleta alama nne na sare mbili, lakini bonasi ndizo zilizowaponza. Timu inayofunga miguso minne au zaidi, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, hupata alama moja, hata ikishindwa, na inayoshindwa kwa tofauti isiyozidi pointi saba hupata nyingine, hivyo aliyeshindwa anaweza kuondoka na alama mbili. Ushindi wenu 14 ni alama 56, na wa wenzenu 13 ni 52. Pengo la alama nne hufutwa na vipigo vinne tu vya tofauti ndogo, ikiwa ninyi mlikuwa mkishindwa kwa pointi nyingi. Ndiyo maana timu iliyoachwa kwa pointi kumi, dakika zikiwa zimebaki chache, huamua kupiga mkwaju wa penalti badala ya kusaka mguso: pointi tatu hizo haziokoi mechi, lakini hupunguza pengo hadi saba. Watazamaji hunung'unika, na kwa maoni yangu hukosea, kwa sababu msimu mrefu hujengwa kwa alama kama hizo.

Mama wa mchezaji
Naafiki, ila ningependa mdogo wangu aliyeuliza azitazame pia mechi za ugenini. Mwaka 2022 daraja hili liligawanywa katika makundi matatu, Mashariki, Kaskazini na Magharibi, na mojawapo ya shabaha ilikuwa kupunguza safari. Hata hivyo, anayetoka Cornwall bado hukaa ndani ya basi kwa saa nyingi. Mchezaji wa safu ya mbele ya skramu, pale timu mbili zinaposhikamana na kusukumana kuwania mpira, anapokosa ruhusa kazini, pengo lake si rahisi kuzibwa, kwani nafasi hiyo huhitaji aliyefunzwa kwa ajili ya usalama wake. Msimu wa 2019–20 ulipokatizwa na korona, Chama cha Raga cha England kilikokotoa msimamo wa mwisho kwa kutenganisha matokeo ya nyumbani na ya ugenini, kwa kutambua kwamba hayana uzito mmoja.

Mkaazi wa Cornwall
Ahsanteni sana, mzee wangu na dada yangu. Nimeyarudia matokeo yetu yote usiku huu. Kati ya vipigo 12, tisa tulivipata ugenini, na ni viwili tu vilivyokuwa vya pointi saba au chini yake. Nakumbuka mechi moja ya Januari ambayo nahodha wetu, tukiwa nyuma kwa pointi tisa, alikataa kupiga mkwaju wa penalti iliyokuwa mbele kabisa ya milingoti ya goli, akasaka mguso, nasi tukamshangilia kwa ujasiri wake. Tulimaliza nyuma ya wenzetu kwa alama moja.