Nyasi bandia uani: misumari, gundi au mchanga?

MamaWawili_Ksm
Hamjambo, wanajukwaa? Nimekwisha kununua nyasi bandia za urefu wa milimita 30 kwa ajili ya bustani yetu hapa Mamboleo, Kisumu, na fundi anakuja Jumamosi. Yeye anapendelea misumari, mume wangu anataka gundi, na jirani anashikilia kwamba mchanga pekee unatosha. Watoto wangu hucheza pekupeku. Njia ipi ni salama zaidi?

Fundi_Lanet
Dada, hujatuambia chini kuna nini: udongo, saruji au kabro? Usipotueleza, kila mtu atakusifia alichokizoea. Kwenye udongo mimi sitii gundi kamwe, kwa kuwa gundi hushika kitu kigumu. Hutandaza kokoto, juu yake vumbi la kokoto, nikashindilia hadi kisigino kisiache alama, kisha nikapigilia pembezoni misumari ya inchi 6 iliyopakwa zinki, kila baada ya sentimita 15 hadi 20. Majani hutenganishwa kwa vidole kabla ya kugonga, ili kichwa kikae chini kabisa na majani yakifunike.

JaNyamasaria
Mambo ya Lanet yaacheni hukohuko Nakuru. Huku upande wa Kano tuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Fundi tuliyemwajiri alitandika nyasi juu ya udongo huohuo, akazishika kwa misumari ya kawaida ya kupigilia mbao. Masika yalipokwisha, ardhi ilikuwa imeisukuma misumari juu kidogo kidogo. Ukisimama huioni, lakini ukipitisha kiganja juu ya majani unavigusa vichwa vyenye kutu, vimechomoza kiasi cha ukucha. Binti yangu aliukanyaga mmoja akikimbilia mpira, tukaishia hospitalini kwa sindano ya pepopunda. Fundi alipopigiwa simu alidai kwamba tulikuwa tukizimwagilia maji kupita kiasi. Nyasi za plastiki! Tangu hapo sitaki kusikia habari ya msumari mahali anapocheza mtoto.

Fundi_Lanet
Pole sana, ndugu, lakini hapo msumari unasingiziwa. Udongo mweusi huchimbwa ukaondolewa, pakajazwa changarawe na kushindiliwa, ndipo nyasi zitandikwe.

Mwalimu_Riat
Mchanga ukimwagwa juu ya nyasi husimamisha majani na kuongeza uzito, ila hauwezi kuzuia pembe zisifunuliwe na upepo wa ziwani. Tena uwe mchanga wa silika uliokaushwa, kwa maana ule wa ujenzi huja na udongo unaoziba matundu ya kupitishia maji. Binafsi ningepanda nyasi hai, paspalamu, kwa sababu saa nane mchana plastiki huwa ya moto mno kwa nyayo za mtoto.

MamaWawili_Ksm
Mwalimu, nyasi nimeshazilipia. Karibu na veranda ni saruji, kwingine ni udongo. Watoto wana miaka 2 na 5. Mfuniko wa tangi la maji taka uko katikati na ningependa usionekane. Nyumba ni ya kupanga.

Fundi_Lanet
Ya kupanga, na hilo unalitaja mwisho! Gundi ikishakauka kwenye saruji haibanduki bila kuacha makovu. Juu ya mfuniko, kata kipande kinachoweza kuondolewa, na kabla ya msumari wowote muulize mwenye nyumba mabomba ya maji na nyaya za taa za nje zimepita wapi.

JaNyamasaria
Mimi bado niko upande wa mume wako, angalau kwenye saruji. Makovu hupakwa rangi.

Mwalimu_Riat
Hakuna aliyetaja mshono. Saruji inapokutana na udongo, kimo kikitofautiana hata kidogo, mtoto wa miaka 2 atajikwaa papo hapo. Ningezika ubao uliotiwa dawa kandokando ya saruji, usawa mmoja nayo, nyasi zishikwe kwenye ubao.

MamaWawili_Ksm
Nimempigia mwenye nyumba. Gundi amekataa katakata, na mabomba hakumbuki yalipo. Ubao nimeupenda, Mwalimu, lakini je, mchwa?

JaNyamasaria
Mchwa wa Mamboleo hawajui dawa.

Fundi_Lanet
Wanaijua, ikiwa ubao umetiwa dawa kiwandani na si kupakwa kwa brashi. Dada, hiyo saruji imeizidi ardhi kimo kwa kiasi gani?