Wauza dawa za mifugo Mtwara, acheni kuwapimia watu dawa ya mbwa wakaipake kwa paka!

Wakuu, salaam.

Paka wa dada yangu amekufa kwa dawa ya viroboto iliyouzwa dukani, hapahapa Mtwara mjini. Hakuokota sumu jalalani. Dada aliinunua kwa pesa yake kwenye duka la pembejeo baada ya kuulizia dawa ya viroboto ya paka, tena kwa kutaja paka.

Akaambiwa ipo nzuri, ya kudondoshea shingoni, wala hana haja ya kumwogesha. Muuzaji akaivuta kwa bomba la sindano kutoka kwenye kichupa chake, akaifunika, akampa. Bila boksi, bila karatasi, bila jina. "Usiogope mama, ni hiyohiyo ya mbwa ila nimekupimia kidogo." Hakuuliza paka ana uzito gani wala umri gani.

Jioni masikio yakaanza kumchezacheza, ngozi ya mgongo inasisimka, udenda unamtoka. Usiku akawa anatetemeka mwili mzima na kukakamaa. Majirani wakaja na maziwa, wengine mafuta ya nazi. Hakufika asubuhi.

Nilikwenda dukani mwenyewe nikaomba kuliona boksi. Nikaoneshwa bila wasiwasi wowote. Permethrini, sumu ya kuulia wadudu! Na ubavuni pana picha ya paka aliyekatwa kwa mstari mwekundu. Picha, wakuu! Hata asiyejua kusoma kabisa angeielewa. Onyo lilibaki kwenye rafu, sumu ikatoka peke yake.

Mbwa huihimili permethrini kwa sababu ini lake linaweza kuivunjavunja. Ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo sumu inakaa mwilini na kuchokonoa mishipa ya fahamu. Na hizi za kudondosha ni kali kuliko shampuu au poda, zipo zenye permethrini zaidi ya asilimia 40. Ndiyo maana hilo neno "nimekupimia kidogo" linanipandisha hasira kuliko yote. Kidogo kipi? Matone machache yanatosha kumuua paka. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa kunaweza kumdhuru, na wenye mbwa na paka huambiwa wawatenganishe hadi siku 3.

Hata dawa zinazomfaa paka zina kipimo chake. Fipronili ya kudondosha ya asilimia 10, kipimo cha paka ni nusu mililita, wakati mbwa wa zaidi ya kilo 40 anapewa kama mililita 4. Sasa wewe unayevuta kwa bomba la sindano kwa kukadiria macho, unajua umevuta ya nani? Na fipronili hiyohiyo ni sumu kwa sungura, wenye watoto wanaofuga sungura mjue.

Najua mazoea haya yanakotoka. Maduka yetu yanaishi kwa mikorosho. Msimu wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukifika ni salfa na viuatilifu kutwa nzima, na mkono uliozoea kumpimia mkulima rejareja ndio unaompimia mwenye paka. Dawa ya mifugo kwao ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Lakini nendeni Mikindani, Shangani, Magomeni, mhesabu nyumba zisizo na paka! Wateja ndio hao, halafu kitu chao hakiagizwi. Kama huna dawa ya paka, sema huna. Mtu ataagiza Dar.

Ninachodai ni hiki: dawa itoke dukani ndani ya pakiti yake, na muuzaji aulize ni mnyama gani, ana kilo ngapi, ana umri gani. Dawa za mifugo nazo husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo mkiuziwa kitu kwenye bomba la sindano lisilo na jina, pelekeni malalamiko huko. Mimi napeleka langu.

Wenye paka, kabla ya kulipa angalieni boksi: liwe limeandikwa la paka, na uzito wa paka wako uwemo. Tenganisha manyoya chini ya kisogo mpaka uone ngozi, dondoshea hapo ambapo ulimi haufiki. Mtoto wa paka aliye chini ya wiki 8 usimpake, tumia chanuo la meno ya karibukaribu na ufue matandiko yake. Na asitokee mtu wa kumpulizia paka dawa ya mbu au ya mikorosho, hilo nalo limekuwa kawaida mitaani.

Ikishatokea paka kapakwa dawa ya mbwa, mwogeshe haraka kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Mkaushe, mfunike taulo asipate baridi, mkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya dawa. Anayetetemeka usimnyweshe kitu, kitaingia mapafuni. Maziwa hayatoi sumu hii.

Kama humu kuna mwenye duka Mtwara au Lindi anayeuza dawa ya paka ndani ya boksi lake, ajitokeze aseme yuko mtaa gani. Dada ana paka mwingine na viroboto bado wapo.