"Jua lisichwe na uchungu wenu": je, wanandoa wamalize ugomvi usiku huohuo?

Mlezi wa Ndoa
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Darasa la ndoa hapa usharikani linaanza mwezi ujao, na swali lisilokosekana ni la Waefeso 4:26: "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka". Wengi wanaelewa kwamba ugomvi sharti uishe kabla ya kulala. Basi wanabishana hadi saa nane usiku, wamechoka, na maneno ya saa hizo ndiyo hayasahauliki. Je, Paulo aliagiza hivyo? Na mtu ambaye hasira imeshampanda afanye nini hasa? Kuambiwa "omba tu" hakuwatoshi.

Mwalimu wa Neno
Mtumishi, angalia kilichotajwa: ni uchungu wenu, si mjadala wenu. Kinachowekewa mwisho ni kule kuufuga moyoni, na sababu iko mstari wa 27: "wala msimpe Ibilisi nafasi". Katika Torati pia machweo ni mpaka wa deni. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua maskini apewe ujira wake kabla jua halijachwa.

Halafu, maneno "mwe na hasira, ila msitende dhambi" Paulo ameyachukua Zaburi 4:4. Ukifungua zaburi yenyewe katika Biblia ya Union utakuta "mwe na hofu", kwa kuwa neno la Kiebrania ni la kutetemeka. Tafsiri ya zamani ya Kigiriki ndiyo iliyosema "kasirikeni". Mstari unaendelea: "Tafakarini vitandani mwenu na kutulia." Kitanda kimetajwa, na kazi yake hapo ni kutulia. Kwa hiyo wanaosema "nimekuachia uchungu, jambo lenyewe tuliongee kesho baada ya chai" hawajavunja neno. Wanaolivunja ni wanaogeukiana mgongo wiki nzima.

Nesi Mshauri
Niongeze upande wa mwili. Hasira ikipanda, adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, na masikio ni kama yameziba. Kushuka kunahitaji angalau dakika 20, kwa wengine zaidi. Lakini dakika hizo hazifanyi kazi ikiwa mtu amekaa chumbani akirudia kichwani yale aliyoambiwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanatoka nje nusu saa, wanarudi wamewaka kuliko walivyotoka.

Siku wakiwa na amani, wakubaliane kauli ya kusimamisha ugomvi, na iwe na saa ndani yake: "Nimepandwa na hasira, tuongee saa tatu na nusu." Anayeondoka bila kutaja saa amesusa, na mwenzake atamfuata hadi mlangoni. Aliyeomba kusimama ndiye anayerudi kuanzisha mazungumzo, na arudi kwa saa aliyotaja.

Wakati wa kusubiri, avute pumzi kwa pua akihesabu 4, aitoe polepole akihesabu 6, kwa dakika 5. Akivuta anaweza kusema moyoni "Bwana Yesu", akitoa, "nihurumie". Kisha mikono ipate kazi tulivu: kuchambua mchele, kukunja nguo. Asipige mto wala ukuta "ili hasira itoke". Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman wa Marekani aliwapima wanafunzi 600. Waliopiga gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa bila kufanya lolote. Mithali 29:11 imesema hivyo tangu zamani: mpumbavu hudhihirisha hasira yake yote.

Na mtazame tumbo na usingizi. Eliya alipotaka kufa (1 Wafalme 19), malaika alimpa mkate na maji mara mbili, akalala kati yake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa?", lilikuja baadaye.

Mama Kwaya
Kwa wasiojua waombe nini wakiwa na hasira, wapeni Zaburi 13. Ina mistari 6 tu: 1 na 2 kulalamika, 3 na 4 kuomba, 5 na 6 kutumaini. Kila mmoja aandike yake kwa mpangilio huo, sentensi mbili kila sehemu. Watu wetu wamezoea kurukia sehemu ya tatu, wanasema "nimesamehe" wakati lalamiko halijafika mbele za Mungu, na baada ya siku tatu linatokea jikoni kwa sababu ya chumvi.

Wakirudi kuongea, jambo liwe moja. Aseme kilichotendeka, kilivyomuumiza, na anachoomba. Maneno "kila siku wewe" na "hujawahi" yaachwe, maana mwenzake ataacha kusikiliza aanze kutafuta siku moja ya kujitetea.

Mlezi wa Ndoa
Asanteni sana. Na pale ambapo mmoja anapiga?

Nesi Mshauri
Hapo usiwape zoezi la pumzi wala usiwaite pamoja. Aliyepigwa hatasema ukweli mbele ya anayempiga, na akisema atalipishwa nyumbani. Ongea naye peke yake, na mstari wa 26 usitumike kumrudisha kitandani usiku huo. Hapa Tanzania apelekwe dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, apewe PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atibiwe. Anayepiga naye ahudumiwe na mtu mwingine, siku nyingine. Kama anaweza kujizuia mbele ya bosi wake, uwezo wa kujizuia anao, na mazungumzo yenu naye yaanzie hapo.