Kikapu Kilichotakiwa Kipinde

Kundi: Majirani wa Tudor, Mombasa
Jumatano, baada ya Isha

Bi Rukia: Masalkheri nyote. Anayeandika ni mjukuu wangu. Mimi nasema na yeye anabonyeza, kwa hiyo kosa la herufi likionekana mlaumuni yeye. Tangu jana nimepokea maagizo ya vikapu vidogo vya ukili, yaani msuko mrefu wa miyaa, kutoka kwa wazazi wa mtaa huu, na siku zote mteja ni riziki, lakini safari hii nimeombwa jambo ambalo sijapata kuombwa tangu nianze kushika miyaa, hayo majani ya kusukia, nalo ni kwamba nisuke vibaya. Mmoja anataka ukingo uende upande. Mwingine anataka mshono uachie nafasi, ili mwalimu wa Gredi ya 6 aamini kwamba ni kazi ya mtoto. Nimejaribu kusuka kombo, mkono ukakataa, nikafumua. Sasa nauliza kwa heshima: mtoto anafundishwa nini hapo?

Mama Salma: Shikamoo Bi Rukia. Mmoja wa hao ni mimi na sina haja ya kujificha. Agizo la kazi hiyo lilitumwa Jumatatu jioni katika kundi la wazazi wa darasa, na kikapu kinatakiwa Ijumaa asubuhi. Wiki hii niko zamu ya usiku hospitalini, ninarudi nyumbani watoto wakiwa wamekwisha kutoka, na Salma bado ana hesabu na insha ya Kiswahili. Mimi sijui kusuka, mama yangu hakunifundisha, na miyaa sijui hata inauzwa wapi. Kama shule inataka mtoto asuke, kwa nini isimfundishe kusuka kwanza?

Mama Brian: Hapo Mama Salma amenena. Kazi yenyewe inaandikiwa mtoto, lakini inatumwa kwenye simu ya mzazi, saa tatu za usiku, ikiwa na neno "kesho" au "keshokutwa". Tumekwisha kutengeneza sanamu ya kutishia ndege katika mtaa usio na shamba wala mahindi. Nilipanda sukumawiki katika gunia kwenye roshani, mbuzi wa jirani wakazila kabla ya kupigwa picha, nikatumwa nipande tena.

Bi Rukia: Marahaba mwanangu. Zamu yako naielewa. Sikukulaumu wewe peke yako, maana walioniagiza ni wengi.

Baba Imani: Mimi nasema wazi kwamba nimenunua kikapu sokoni, na sijutii. Tuache maneno ya kujifurahisha. Matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9 yamegawanywa: asilimia 60 ni mtihani wenyewe wa KJSEA, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 ni mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6. Maana yake mtoto anahesabiwa tangu sasa. Watoto wengine wakipeleka vikapu vilivyosukwa na mafundi, na wangu akapeleka tonge la miyaa, ni nani atakayemhurumia siku ya kuchaguliwa shule ya sekondari ya juu? Isitoshe, Imani anataka kuwa rubani. Ususi hautamfikisha huko.

Mwalimu Kazungu: Salamu kwenu nyote. Kwa kuwa nafundisha, ingawa si katika shule ya watoto wenu, naomba nirekebishe jambo moja. Kikapu hiki cha darasani si sehemu ya KPSEA, kwa sababu KPSEA ni karatasi za maswali ya kuchagua jibu ambazo mtoto hukalia shuleni. Na zile tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 zenye asilimia 20, kazi zake hutolewa na KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, walimu huzipakua, na zinatakiwa zifanywe shuleni mbele ya mwalimu. Baba Imani, hofu yako ina msingi, lakini imeangukia kitu kisichohusika. Kikapu hiki kinapimwa ili mwalimu ajue mtoto amefika wapi.

Baba Imani: Na anayepimwa "kukaribia matarajio", yaani hajafika, mbele ya wenzake, naye haumii?

Mwalimu Kazungu: Anaumia, nakubali. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, ushirikishaji wa wazazi uliwekwa miongoni mwa misingi yake, na nia ilikuwa kwamba mzazi ampe mtoto nafasi, ampe vifaa vinavyopatikana nyumbani, kisha atazame. Haikuwa nia kwamba mzazi awe fundi. Lakini sisi walimu nasi tumechangia. Darasa lina watoto zaidi ya sitini, kipindi ni kifupi, na mwalimu anadaiwa ushahidi wa picha, kwa hiyo anaipeleka kazi nyumbani na kusubiri irudi imekamilika. Ikirudi, anasahihisha kitu anachokiona mezani. Hakuona mkono uliokitengeneza.

Mama Brian: Kwa hiyo mnajua kwamba tunawadanganya?

Mwalimu Kazungu: Tunajua. Nikimuuliza mtoto miyaa inalowekwa kwa nini kabla ya kusukwa, naye akatazama dari, nimekwisha kupata jibu.

Bi Rukia: Hapa naandika mimi mjukuu kwa niaba yangu mwenyewe, bibi amenipa ruhusa. Bibi hasomi maagizo ya shule na mama yangu yuko kazini Muscat, kwa hiyo kazi zangu nazifanya peke yangu. Muhula uliopita tuliambiwa tutengeneze ngoma. Mimi nilitumia kopo la maziwa na mpira wa gurudumu la baiskeli, nikapata kukaribia matarajio. Wenzangu wawili walileta ngoma za ngozi zilizonunuliwa na wazazi wao, zilikuwa bado na harufu ya dukani, nao wakapata kuzidisha matarajio. Mwalimu alipowaambia wapige, hawakuwa wamezijaribu hata mara moja. Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa.

Mama Salma: Hukukosea, mwanangu.

Mzee Shekue: Kijana huyu ameeleza vizuri kuliko sisi. Mimi nilisoma Tanga katika miaka ya mwanzo ya Elimu ya Kujitegemea, sera aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Shule yetu ilikuwa na shamba, na tulilima sisi wenyewe, kwa majembe tuliyoyatoa nyumbani. Baba yangu hakuwahi kulipalilia tuta langu. Ila nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa mema, maana wapo walimu waliotufanya vibarua wa mashamba yao, na jembe likawa adhabu ya mtoro, tukamaliza shule tukiuchukia udongo. Kazi ya mikono ikitumiwa kumtesa mtoto haimfunzi kujitegemea, na ikifanywa na mtu mwingine haimfunzi pia.

Mama Brian: Na hapa Kenya si jambo geni, mzee wangu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulihubiriwa kwa maneno haya haya ya kujitegemea, na sisi wa zamani tulitahiniwa Sayansi Kimu na Sanaa na Ufundi katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nakumbuka kushona pindo la kitambaa, na nimeshona vifungo vya watu wengi tangu wakati ule. Baadaye masomo hayo yakaondolewa katika mtihani, na yalipoondolewa wazazi na walimu wakayasahau mara moja. Sasa yamerudi, Sayansi Kimu ikiwa imeunganishwa na Kilimo, na sisi ambao hatukuwafundisha watoto lolote jikoni kwa miaka yote hii tunashtuka kama kwamba shule imeomba muujiza.

Mama Salma: Hilo la jikoni ndilo linaloniuma zaidi kuliko kikapu. Salma aliwahi kupeleka picha akiwa ameshika mwiko mbele ya sufuria ya ugali, na ugali wenyewe ulisongwa na dada wa kazi. Picha ikachapishwa saiba kwa rangi, ikabandikwa daftarini, ikapigwa mhuri. Binti yangu yuko karibu kumaliza shule ya msingi na anaogopa kiberiti.

Mama Brian: Wangu ni wavulana na wanasonga ugali. Kila mmoja anafua soksi na shati lake la shule jioni, na sahani aliyolia anaiosha yeye. Mwanzoni shati lilikuwa linabaki na povu kolani, nikaliacha hivyo hivyo akalivaa, mpaka akajifunza kusuuza. Mama mkwe wangu alipotutembelea alilalamika kwamba nawageuza wasichana. Nilimjibu kwa adabu kwamba njaa haiulizi aliye jikoni ni mvulana au msichana.

Baba Imani: Dada wa kazi analipwa mshahara kwa ajili ya hayo. Mtoto naye ana kazi yake, ambayo ni kusoma.

Bi Rukia: Mwanangu Baba Imani, mimi ni mtu mzima na utanisamehe. Mimi nimelea watoto sita kwa ukili, na mmoja wao ni mhandisi wa meli. Naye alikuwa akikuna nazi, mbuzi ya nazi ndiyo ilikuwa kiti chake baada ya shule, na alijua kuchuja tui zito mbali na tui jepesi kabla hajajua jedwali la kuzidisha. Hayo hayakumzuia kusoma. Yalimpa jambo moja, kwamba akipelekwa mahali pasipo na mtu wa kumhudumia hasimami akingoja. Sitaji mtoto wa mtu, lakini wapo watoto hapa mtaani wa miaka kumi na moja wanaosubiri kufungwa kamba za viatu.

Mama Imani: Bi Rukia, usihangaike kuficha, ni wa kwangu. Na kwa kuwa mume wangu ameeleza kila kitu isipokuwa kimoja, nitamalizia mimi: kikapu kilinunuliwa kwa shilingi 600, kilikuwa kizuri mno, na jana usiku alikikanyaga kwa kisigino ili kifanane na kazi ya mtoto.

Mzee Shekue: Subhanallah.

Baba Imani: Mama Imani, mambo ya ndani yangebaki ndani.

Mwalimu Kazungu: Turudi kwenye Ijumaa, kwa maana saa zinakwenda. Bi Rukia, kwa ujuzi wako, mtoto ambaye hajawahi kushika mwaa anaweza kufanya nini kwa siku moja?

Bi Rukia: Kikapu hakiwezekani. Kikapu hata kidogo kinahitaji ukili wa pima kadhaa, na kushona ukili kwa ukili mpaka uzunguke vizuri ni kazi ya mkono uliokwisha kutulia. Lakini kwa alasiri moja mtoto anaweza kujifunza kuchana mwaa kwa upana ulio sawa, kuuloweka ulainike usikatike, na kusuka ukili wa shibiri moja au mbili. Shibiri ya kwanza itakuwa mbaya, itakaza huku na kulegea kule. Ya pili itaanza kunyooka. Mtu mwenye macho akiutazama ukili huo ataona mahali ambapo mtoto alielewa. Hakuna fundi awezaye kuiga hilo, na mimi mwenyewe nimeshindwa.

Mwalimu Kazungu: Basi hicho ndicho cha kupeleka. Andikeni barua fupi kwa mwalimu wa darasa, mseme kwamba watoto wamesuka wenyewe, kwamba kazi imefika hatua ya ukili, na kwamba mnaomba waulizwe maswali na waonyeshe mbele ya darasa namna wanavyosuka. Mwalimu yeyote mwenye busara atafurahi. Ombeni pia kwamba kazi zijazo zitolewe mapema, zianziwe darasani, na zisiwe za kununua vifaa. Barua ya wazazi wengi ina uzito kuliko malalamiko ya mmoja mmoja, na mimi nitawasaidia kuiandika kesho mapema.

Mama Salma: Na mwalimu asipokubali, Salma akapewa alama ya chini?

Mama Brian: Atapewa alama yake. Si mbaya apate yake kwa mara ya kwanza.

Mama Salma: Ni rahisi kusema wakati mtoto si wako. Lakini nakubali, na agizo langu nalifuta. Bi Rukia, nitakulipa kwa usumbufu.

Bi Rukia: Usinilipe. Kesho baada ya Alasiri watoto waje barazani kwangu. Miyaa ninayo ya kutosha, imekwisha kuanikwa, na mwenye kutaka kuchangia achangie sukari na majani ya chai. Nina masharti. Chai watapika wao, wavulana kwa wasichana, na vikombe wataviosha wao, na baraza litafagiwa na kundi zima kabla ya Magharibi. Mzazi atakayemleta mtoto amwache mlangoni aende zake, kwa sababu namjua mzazi: akiketi, baada ya kitambo atasema "lete nikuonyeshe", na huo ndio mwisho wa mtoto kusuka.

Mama Salma: Je, ndugu yake mdogo wa miaka sita anaweza kuja? Akiachwa atalia.

Bi Rukia: Na aje. Atapanga miyaa mirefu mbali na mifupi. Kisu hatashika.

Mzee Shekue: Na babu asiyejua kusuka anaruhusiwa?

Bi Rukia: Ukikubali kuosha vikombe.

Baba Imani: Sawa, nimesikia, na sitaki kuonekana mpinzani wa mtaa mzima. Imani atakuja kesho na atasuka hicho kipande chake. Lakini kile kikapu nitakiweka kabatini, ili mambo yakiharibika Ijumaa asubuhi tusikose cha kupeleka.

Mama Imani: Kikapu kile nimekwisha kukitia vitunguu.