Mjadala: Ndege nzima ziendelee kuangushwa kwa rimoti, au kompyuta inatosha?

Wadau, kuna hoja naikuta kila mara: siku hizi kompyuta inakokotoa ajali yoyote, kwa hiyo kuchukua ndege nzima ya abiria, kuiongoza kwa rimoti na kuibamiza chini ni kuchoma fedha. Napinga, na ushahidi wangu ni jaribio lile lile ambalo wenye hoja hiyo hulitaja kuwa lilifeli.

Tarehe 1 Desemba 1984, NASA na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, waliangusha Boeing 720 kwenye kambi ya Edwards, California. Vitini zilifungwa sanamu za abiria. Rubani, Fitzhugh Fulton, alikuwa ardhini akiiendesha. Mafuta yalitiwa kemikali ya kuyazuia yasitawanyike kuwa ukungu, maana ukungu huo ndio unaoshika moto tangi likipasuka. Ilipangwa itue kwa tumbo, mabawa sawasawa, kisha vyuma vilivyosimikwa ardhini viyapasue.

Haikuwa hivyo. Ilipokaribia ardhi iliyumba, bawa la kushoto likagusa kwanza, ndege ikapinda, na chuma kimoja kikaingia kwenye injini ya upande wa kulia. Moto ulichukua zaidi ya saa nzima kuzimwa. Mbele ya kabini, moshi ulifunika kila kitu ndani ya sekunde 5 tangu ndege iache kuteleza. Hesabuni tano polepole, mkijiona mnapapasa kifungo cha mkanda.

FAA ilikuwa ikifikiria kuyafanya mafuta yale kuwa ya lazima. Baada ya moto ule ikaachana nayo. Kwangu hapo ndipo lilipo jibu. Ajali halisi haiji imenyooka. Kompyuta hukokotoa kile ilichopewa, na waliopanga jaribio lile walikuwa wamepanga ndege iliyonyooka.

Wanaohofia usalama nawaelewa. Mwaka 2012 huko Mexico, karibu na Mexicali, katika jaribio jingine la kuangusha ndege, rubani wa Boeing 727 aliruka kwa parachuti, ndege ikaongozwa na mtu aliye kwenye ndege ndogo iliyoifuata. Mawasiliano yakikatika hapo, hakuna wa kushika usukani. Ndiyo maana nasema jangwani tu, mbali kabisa na makazi.

Lakini anayeshikilia kwamba kompyuta inatosha anijibu hili: mwaka 1984, nani angeiambia ianze na bawa la kushoto?