Naomba ushauri: silabi wanazisikia, sauti moja moja bado

Asalaam aleikum walimu wenzangu. Nafundisha watoto wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, huku Kisauni, Mombasa. Silabi wanazipigia makofi vizuri mno. "Mtoto" makofi matatu, hata ile m ya mwanzo wanaipa kofi lake. Lakini nikiuliza "paka" inaanza na sauti gani, wote: "pa!" Nikisema tutoe p tuweke t, kimya. "Samaki" nikiivuta, ssss, wanaishika. P na k hazivutiki.

Tena wengine nyumbani husema "ndaa" na "ndia", mimi nasema "njaa" na "njia". Hicho ni Kimvita chao safi, lahaja ya Mombasa, sitaki kamwe wadhani wamekosea.

Mliopitia haya mwafanyaje? Nianze na s, m na f pekee? Na "ndaa" niipokee vipi darasani?